Tunajuaje Kwamba Dunia Ilianza kwa Vumbi?

(Hotuba niliyoitoa Nakuru mbele ya walimu wa sayansi na wazazi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha za ukutani nimeziacha.)

Bwana Mwenyekiti, walimu wakuu mlioketi mbele, walimu wenzangu wa gredi zote, wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kutusikiliza, hamjambo? Na nyinyi mliodamka mapema kutoka Molo, Subukia, Njoro na Gilgil, poleni na safari.

Nianze na swali. Muulize mtoto wa Gredi ya Sita sayari ni ngapi. Atakujibu nane kabla hujafunga mdomo. Mwambie azitaje: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni. Atazimimina zote bila kumeza mate. Sasa muulize zilitoka wapi. Hapo atakwama kidogo, halafu atajaribu. Muulize tena: na tunajuaje? Hapo, walimu wenzangu, hata sisi huanza kutazama saa.

Hilo swali la mwisho ndilo lililonileta mbele yenu. Tunajuaje? Kama mtoto atatoka shuleni na jambo moja tu kuhusu sayari, heri atoke na swali hilo kuliko orodha ya majina.

Wengi wetu tulisoma Jiografia ya kidato cha kwanza. Mnakumbuka daftari? Nadharia ya nyota iliyopita karibu na Jua ikalivuta gesi, halafu nadharia ya wingu la gesi na vumbi. Chini ya kila moja, udhaifu wake. Tulizikariri zote mbili, tukaziandika kwenye mtihani, tukapewa alama, tukasahau. Nani kati yetu aliambiwa kwamba moja kati ya hizo mbili ilikuwa imekwisha kuanguka kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa?

Habari yenyewe ni tamu, na ninawasihi muwape watoto kama habari. Mwaka 1755 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alisema Jua na sayari zilitokana na wingu moja lililojikusanya. Mwaka 1796 Laplace wa Ufaransa akasema jambo linalokaribiana na hilo. Wazo likakaa zaidi ya miaka mia moja, likaonekana lina kasoro kwenye hesabu za mzunguko. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaja Chamberlin na Moulton kule Marekani, kisha Jeans wa Uingereza, wakasema: hapana, nyota nyingine ilipita karibu, ikavuta gesi kutoka kwenye Jua, na gesi hiyo ikawa sayari. Wakaaminiwa. Halafu mwaka 1939 kijana mmoja, Lyman Spitzer, akapiga hesabu na kuonyesha kwamba gesi ya moto namna ile, ikichomolewa kutoka kwenye Jua, hutawanyika angani. Haijikusanyi. Nadharia ya nyota mpita njia ikafia hapo, kwenye karatasi ya hesabu.

Na kuna jambo jingine la kumpa mtoto, zuri kuliko hayo yote. Kama sayari huzaliwa nyota mbili zinapokaribia kugongana, basi sayari ni kitu adimu mno, kwa sababu nyota ziko mbali mbali sana. Kama sayari huzaliwa na wingu lilelile linalozaa nyota, basi zitakuwa kila mahali. Umeona? Unaweza kwenda kuhesabu! Mwaka 1995 Mayor na Queloz wa Uswisi walipata sayari inayozunguka nyota inayofanana na Jua letu. Leo zinazojulikana zimepita 5,000. Mtoto akiulizwa ni nadharia gani imeshinda, asikariri jibu. Ahesabu.

Sasa nije kwenye vumbi, kwa sababu hapa ndipo watoto hushindwa kuamini, na wana haki. Vumbi linawezaje kuwa mlima? Linawezaje kuwa Dunia nzima?

Mwaka 2003 mwanaanga wa Marekani, Don Pettit, alikuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wakati wake wa mapumziko alichukua mfuko wa plastiki, akatia chumvi. Akajaribu na sukari, na kahawa. Akaujaza mfuko hewa, akautikisa, akautazama. Kule juu vitu vinaelea, havianguki chini. Katika muda mfupi mno, chembe zilianza kushikana zenyewe, zikawa vibonge. Hakutia maji wala gundi. Kilichozishikanisha ni umeme tuli, uleule unaosimamisha nywele za mtoto akivua sweta siku ya jua kali. Wataalamu walikuwa wamejiuliza kwa miaka mingi jinsi chembe za kwanza zilivyoshikana kabla hazijawa na uzito wa kuvutana, na huyu bwana akaliona jambo lenyewe ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumbani huku mnaliona kila mkifagia uvunguni mwa kitanda: vumbi halikai chembe moja moja, limejikunja kuwa vifundo.

Chembe zikawa vifundo, vifundo vikawa kokoto, kokoto zikawa miamba ya kilomita nzima na zaidi. Hatua ya kutoka kokoto hadi mwamba ndiyo ngumu, na wanasayansi bado wanaibishania, kwa kuwa kokoto zikigongana kwa kasi huvunjika badala ya kuungana. Msiwafiche watoto hilo. Mtoto akijua kuna fundo ambalo halijafunguliwa bado, atajua kwamba kuna nafasi yake. Mwamba ukishakuwa mkubwa, kazi inachukuliwa na nguvu ya mvutano: unavuta wengine, unakua, na ukikua unazidi kuvuta. Dunia yetu ilichukua makumi ya mamilioni ya miaka kukamilika hivyo.

Niwaeleze tulivyolifanya hili uwanjani na watoto wa chama chetu cha sayansi, maana halihitaji hata shilingi. Msichana mmoja alisimama katikati, yeye ni Jua. Wengine wote wakatapakaa uwanjani, na sharti lilikuwa hili: lizunguke Jua, upande wowote unaotaka. Ukigongana na mtu, shikaneni mikono, muende upande wa aliye na kundi kubwa. Mwanzo ilikuwa vurugu tupu. Wengine wanaenda huku, wengine kule, viatu vinakanyagana, vumbi limetanda hadi kwenye madirisha ya ofisi. Wakagongana, wakashikana, wakagongana tena. Baada ya muda vurugu ikatulia yenyewe. Makundi machache makubwa, na yote yanazunguka upande mmoja. Msichana mmoja akasimama ghafla, akaniuliza: "Mwalimu, mbona sote tunaenda upande mmoja na wewe hukutuambia?"

Walimu wenzangu, hilo swali ni la thamani. Sayari zote nane hulizunguka Jua kuelekea upande mmoja, karibu zote kwenye bapa moja, na Jua lenyewe hujizungusha upande huohuo. Kwa nini? Kwa sababu wingu la mwanzo lilikuwa na mzunguko mdogo uliozidi upande mmoja, na migongano ikafuta yale yote yaliyokwenda kinyume. Watoto wale walikuwa wameligundua kwa miguu yao.

Na kando ya ua alibaki mvulana peke yake. Akasema kwa uchungu kidogo, "Mimi sikushikwa na mtu." Nikamwambia wewe ndiye muhimu kuliko wote. Wewe ni asteroidi. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi mno ya namna hiyo, yaliyobaki bila kuwa sayari, na bila hayo tusingejua tarehe ya kuzaliwa kwetu.

Kwa nini tusingejua? Kwa sababu Dunia haihifadhi vitu vyake vya utotoni. Imeyeyuka, imepasuka, imejikunja, mvua imeiosha. Ndugu zetu wa Kakamega wanakalia baadhi ya mawe ya kale zaidi nchini, yale yenye dhahabu iliyowavuta watafutaji miaka ya 1930, nayo yamepita miaka bilioni 2.5. Ni mengi, lakini bado ni kama nusu tu ya safari. Jiwe la siku ya kwanza halipo popote duniani. Lakini yale yaliyobaki angani hayajaguswa na mvua wala volkano, na mara moja moja huanguka.

Ni wangapi hapa mmepita Rumuruti? Mikono. Naona ni wengi. Ukitoka hapa ukafika Nyahururu, ukaendelea mbele kidogo, umefika. Usiku wa tarehe 28 Januari 1934 mawe yalianguka kutoka angani karibu na Rumuruti. Kipande kilichohifadhiwa kina gramu 67 tu, kinaingia kiganjani, na kiko kwenye makumbusho ya Berlin. Miaka mingi baadaye wataalamu walipoanza kupata mawe mengine ya namna ileile, huko Antaktika na kwenye jangwa la Sahara, walitambua kwamba hilo ni kundi la peke yake, wakalipa jina la Rumuruti. Leo mtaalamu wa vimondo akiwa Tokyo au Chicago, akishika jiwe la kundi hilo, analitaja kwa jina la mji wetu mdogo wa Laikipia. Na mtoto wa Rumuruti hajui! Anakariri umbali wa Neptuni, na jiwe lililoanguka kwao hajawahi kulisikia. Jambo hili linaniuma kweli.

Sasa, umri wa jiwe kama hilo tunaupataje? Madini ya yurani hugeuka polepole kuwa madini ya risasi, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima risasi hiyo kwa makini, unapata miaka. Mwaka 1956 Clair Patterson, Mmarekani, alitumia vimondo akapata miaka bilioni 4.55, na hesabu za leo zimesogea kidogo sana kutoka hapo. Lakini mwanzoni vipimo vyake vilikuwa vinaharibika. Kila alipopima alikuta risasi nyingi kupita kiasi. Ilikuwa mezani, hewani, kwenye nguo, hata kwenye nywele zake. Akajenga maabara safi kuliko zote za wakati wake, kisha akauliza risasi yote hii inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwenye petroli. Akapambana miaka mingi na kampuni kubwa hadi ikaanza kuondolewa. Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, iliachana na petroli ya risasi kufikia mwaka 2006. Kwa hiyo mzazi akikuuliza umri wa Dunia una faida gani kwa mwanawe, mwambie mtu aliyeutafuta ndiye aliyetusaidia kusafisha hewa inayopita kwenye mapafu ya mwanawe pale stendi ya matatu.

Tumeona vumbi, tumeona jiwe. Bado chuma na joto.

Mwaka 2016, kule Sericho, kaunti ya Isiolo, ndugu wawili walikuwa wakitafuta ngamia wao. Wakakuta mawe makubwa, mazito ajabu, mahali ambapo hakuna mawe ya namna hiyo. Wazee walikuwa wakiyajua tangu utotoni. Yalipokatwa na kung'arishwa, ndani yalikuwa chuma na nikeli, na katikati ya chuma kuna fuwele za kijani-manjano zinazopitisha mwanga. Tafakarini hilo. Chuma na fuwele za mawe haviwezi kukaa pamoja namna hiyo isipokuwa vimetoka ndani ya kijidunia kilichowahi kuyeyuka, chuma kikaanza kuzama kuelekea katikati, kisha kijidunia chenyewe kikavunjwa vipandevipande na mgongano. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo, ila sisi hatukuvunjika. Migongano ilipotia joto la kutisha, Dunia iliyeyuka, chuma kikazama, mawe mepesi yakaelea juu. Chuma hicho bado kiko chini yetu, na kuzunguka kwake ndiko kunakoipa dira mwelekeo.

Hatukuvunjika, lakini tulikaribia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kitu kikubwa, ukubwa wa Mirihi hivi, kiliigonga Dunia changa, na vipande vilivyoruka vikajikusanya kuwa Mwezi. Wanaanga wa Apollo walileta kilo 382 za mawe ya Mwezi kati ya 1969 na 1972. Yalipopimwa yalifanana mno na mawe ya Dunia, na Mwezi una chuma kidogo sana. Jambo hilo linaeleweka ukikumbuka kwamba chuma kilikuwa kimekwisha kuzama wakati wa kugongwa.

Na hilo joto limekwenda wapi? Halijakwenda popote. Geukeni kidogo mtazame dirisha hilo la kaskazini. Menengai. Wangapi mmewapeleka watoto pale juu mkatazama chini, kilomita kumi na zaidi kutoka ukingo hadi ukingo, na mvuke ukitoka chini? Tunawaonyesha mandhari, wanapiga picha, wanakula mkate na soda, tunarudi. Kwa nini tusiwaambie wanachokiona? Volkano ina sababu zake za karibu, kwa kuwa Bonde la Ufa linapasuka na ukoko wa hapa ni mwembamba. Lakini joto lenyewe linatoka ndani kabisa. Takriban nusu yake hutokana na madini yanayotoa mionzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni joto la siku zile za migongano, ambalo Dunia bado inalipoza. Umeme wa Olkaria, uliozalishwa mara ya kwanza mwaka 1981, unatoka humo. Mtoto anayefanyia kazi ya ziada chini ya taa huko Naivasha anasomea mwanga uliochangiwa na kuzaliwa kwa Dunia. Mpelekeni Menengai, mkiwa pale mmwambie hivyo.

Lakini wewe unasema, Mwalimu, yote haya ni ya zamani, nani aliyaona? Ni swali la haki. Watoto huliuliza kila mara. Jibu ni kwamba tunaona yakitokea, sasa hivi, mahali pengine. Mwaka 2014 darubini za redio zilizopo kwenye jangwa la Atacama huko Chile zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri. Nyota iko katikati, na kuizunguka kuna sahani ya gesi na vumbi yenye pete, pete baada ya pete, na nafasi za giza katikati ya pete. Huenda nafasi hizo zinafagiliwa na sayari zinazokua. Mwanga huo umesafiri takriban miaka 450. Ulianza safari kabla Wareno hawajajenga Fort Jesus. Na mwaka 2018 ilitolewa picha ya sayari ikiwa bado ndani ya sahani ya namna hiyo, kwenye nyota iitwayo PDS 70. Kant aliwaza tu. Sisi tunaangalia.

Na kwa nini karibu na Jua tuna dunia ndogo za mawe, na mbali tuna Mshtarii na Zohali? Ni joto. Karibu na Jua maji hayakuweza kuganda, kilichobaki kigumu ni mawe na chuma, navyo ni vichache. Mbali, barafu iliongezeka, viini vikawa vikubwa, vikavuta gesi. Hilo mtoto wa Gredi ya Saba analielewa kwa dakika tano.

Wazazi mnaotoka mahali penye giza la kweli, Rongai, Olenguruone, milimani Subukia, nina kazi yenu. Ndugu zetu Waislamu wanaijua alfajiri ya uongo, ule mwanga mwembamba uliosimama wima mashariki kabla ya alfajiri ya kweli kutandaa, ambao hawahesabu swala kwa huo. Mwanga huo ni Jua linalomulika vumbi lililo kwenye bapa la sayari, vumbi la nyota zenye mkia, yaani kometi, na la asteroidi. Sisi tulio kwenye ikweta huuona vizuri kuliko watu wa Ulaya. Asubuhi isiyo na mwezi, mwamshe mtoto, mtoke nje mapema, muutafute pamoja.

Kuna mzazi aliyenisimamisha nje ya kanisa, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, ukiwafundisha haya, unamweka Mungu wapi?" Nilimjibu, Mama, mimi nawe tumetoka ibada moja. Ninachomfundisha mwanao ni kusoma jiwe na kupima. Nani aliyeweka jiwe, mfundishe nyumbani, na mimi sitamzuia. Tuliagana kwa amani, na mtoto bado yumo chamani.

Ninachowaomba walimu ni kidogo. Katika mtihani wenu wa muhula ujao wekeni swali moja lisilouliza jina wala idadi. Liulize: ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba sayari zilitokana na wingu moja? Mkubali majibu yoyote yenye sababu. Wengine watashindwa mara ya kwanza, msiwakate moyo. Na safari ya Menengai ya chama ni wazi kwa shule zote. Atakayeleta watoto aandike jina la shule kwenye daftari lililo mlangoni, ahakikishe kila mtoto ana maji na kofia, maana kule juu jua ni kali na hakuna duka.

Nakaribisha maswali. Mwalimu wa nyuma pale, mkono wako uko juu tangu nilipotaja Mwezi. Anza wewe.